Kiboko Huyu, Kiboko Hiki

Katika somo la ngeli kuna neno moja ambalo walimu hulifurahia kuliko wanafunzi: kiboko. Mnyama wa mtoni ni kiboko huyu, na wingi wake ni viboko hawa. Mjeledi wa ngozi ni kiboko hiki, na wingi wake ni viboko hivi. Ukilikuta neno lenyewe peke yake limeandikwa pembeni mwa daftari, huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Inabidi usome mbele kidogo: kiboko amezama, kiboko kimekatika. Muhula uliopita tulilikumbuka neno hili mara nyingi, maana tulikuwa tunaisuka upya maktaba ya Ruby ambayo kazi yake yote ni kuuliza swali la namna hiyo kuhusu mafaili: hili lililoletwa ni nini hasa?

Tuseme mapema, kwa ajili ya wanachama wanaosoma uuguzi na historia, kwamba maktaba tunayoizungumzia haina rafu wala vitabu. Kwa waandishi wa programu, maktaba ni furushi la msimbo uliokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingine huliazima badala ya kuanza kazi upya. Ruby ni lugha ya kompyuta iliyotolewa kwa umma mwaka 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto. Yetu ni maktaba ndogo isiyojulikana nje ya chama. Waliotutangulia waliiandika ili ikae mlangoni mwa ghala letu la sauti, ipokee kila faili linaloletwa, ilitazame, kisha iseme: hii ni picha, hii ni sauti, hii ni barua, hii isiingie.

Ghala lenyewe mnalijua. Ni ile tovuti tunayoweka masimulizi ya wazee wetu, nyimbo za harusi, barua zilizopigwa picha, na hadithi ambazo wengine wetu tulizisikia tukiwa tumelala nusu. Sisi tunaoandika tuko wanne, tumekulia hapa Ohio, na Kiswahili kilitufikia kwa njia mbalimbali: kuna aliyekipata kwa familia ya Mombasa, kuna ambaye babu zake walitoka Unguja wakahamia Muscat, na kuna mwenzetu ambaye watu wake walitoka Uvira wakakaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Tunachofanana ni kwamba kila mmoja ana simu yenye sauti ya mtu anayekijua Kiswahili kuliko yeye. Ghala lilianzishwa ili simu ikifa, sauti isife nayo.

Sauti hizo hazifiki zikiwa zimevaa vizuri. Zinatoka WhatsApp, zinatoka kwenye kadi za kumbukumbu za simu za zamani, zinatumwa na mjomba aliye Dubai kwa barua pepe. Moja inaitwa "Sauti 004" bila kitu kingine. Nyingine imebadilishwa jina na shangazi aliyeamini kwamba ukiandika .mp3 mwishoni, basi faili limekuwa mp3. Shangazi si wa kuchekwa; kompyuta nyingi zinamfundisha mtu aamini hivyo hivyo. Zile herufi tatu au nne baada ya nukta, yaani kiendelezi, zinafanya kazi kama kiambishi awali. Zinasaidia, lakini hazijala kiapo. Ki- ya kijana haimfanyi kijana kuwa kitu.

Njia ya kuaminika zaidi ni kulifungua faili na kusoma baiti zake za mwanzo. Jambo hili ni la zamani kuliko wazazi wa baadhi yetu: mfumo wa Unix ulikuwa na programu ya kutambua mafaili tangu toleo lake la 4, mwaka 1973. Watengenezaji wa mitindo ya mafaili walizoea kuweka alama mwanzoni. Picha ya PNG huanza na baiti 8, na tatu kati yake ni herufi P, N na G. Faili la PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF. GIF huandika GIF87a au GIF89a, na hapo umejua hata mwaka wa toleo. Faili la ZIP huanza na PK, herufi za kwanza za majina ya Phil Katz, Mmarekani aliyeutengeneza mtindo huo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ukiufungua, utakuta umeandikwa OggS. Majibu yenyewe huandikwa kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1992 kwa ajili ya barua pepe: ukoo, mkwaju, kisha jina. Kwa hiyo image/png, audio/ogg, application/pdf. Na kitu kisichojulikana kabisa huitwa application/octet-stream, ambayo kwa Kiswahili cha nyumbani ni kusema tu kwamba hizi ni baiti, zaidi ya hapo Mungu anajua.

Tulipoufungua msimbo wa maktaba yetu tulikuta faili moja la mistari mia nane na ushee. Ndani yake kulikuwa na mlolongo mmoja wa "kama hivi, jibu hili, la sivyo, kama hivi, jibu hili, la sivyo" uliopita matawi sitini. Kila mwaka mtu alikuwa ameongeza tawi lake, kwa kawaida juu kabisa, kwa sababu juu ndiko kunakoonekana. Hatuwalaumu. Walikuwa na mitihani kama sisi. Lakini katika mlolongo wa namna hiyo, mpangilio ndio sheria: tawi la kwanza linalokubali ndilo linalojibu, na matawi ya chini hayaulizwi.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu, na mengine ya kuchekesha. Kulikuwa na malalamiko ya muda mrefu kwamba ghala linapokea hadithi za sungura na fisi lakini linakataa hadithi za ng'ombe. Watu waliyachukulia kuwa utani. Kumbe ni kweli tupu. Maandishi ya kawaida hayana alama ya mwanzo, kwa hiyo maktaba yaliyapima kwa njia nyingine: ilitazama kama baiti zote zinafuata utaratibu wa UTF-8, na zisipofuata iliamua kwamba hayo si maandishi. Kiswahili hakina herufi za ajabu. Karibu kila kitu tunachoandika kinatosha katika herufi zile zile za Kiingereza. Isipokuwa ritifaa ya ng'. Ukiandika ng'ombe kwenye programu ya kuandikia barua, ile ritifaa mara nyingi hupindwa kuwa mkia mdogo wa mapambo. Faili likihifadhiwa kwa utaratibu wa zamani wa Windows, mkia huo ni baiti moja, 92 kwa hesabu ya kumi na sita, na baiti hiyo ikisimama peke yake haikubaliki katika UTF-8, ambayo hutumia baiti tatu kwa mkia huo huo. Hadithi ya kurasa nne, herufi elfu kadhaa zisizo na tatizo, inakataliwa kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Watu waliokwenda ng'ambo nao hawakupita.

Jambo la pili halikuchekesha. Simu za vitufe, zile ambazo Tanzania huitwa vitochi, nyingi zilirekodi sauti kwa mtindo uitwao AMR, uliotengenezwa kwa mazungumzo ya simu za mkononi. Faili la AMR huanza na baiti 6: alama ya reli, alama ya mshangao, herufi A, M na R, kisha alama ya mstari mpya. Yaani #!AMR. Sasa, alama ya reli ikifuatwa na alama ya mshangao ni mwanzo wa kitu kingine maarufu sana: skripti, yaani programu ndogo za Unix, ambazo kompyuta ikizikuta inaweza kuzitekeleza. Mtu fulani, kwa busara nzuri kabisa, alikuwa ameweka juu ya mlolongo tawi linalosema: chochote kinachoanza na #! ni skripti, kisiingie. Tawi la AMR lilikuwepo pia, limeandikwa sawasawa, mistari mia tatu chini. Halikuwahi kuulizwa hata siku moja.

Kwa hiyo mjukuu anakaa jioni, anahamisha rekodi ya bibi yake kutoka kwenye kadi ya simu, anaileta mlangoni, na ghala linamjibu kwa maandishi mekundu kwamba faili lake ni hatari. Wengine walijaribu mara mbili, tatu, kisha wakaacha. Hao ndio waliotuuma zaidi, kwa sababu hakuna orodha ya walioacha.

Tulibishana kabla ya kugusa chochote. Wawili walitaka tuitupe maktaba nzima na kutumia Marcel, ambayo ni maktaba ya Ruby ya kazi hii hii, inayotunzwa na watu wa Rails na kutumiwa na tovuti nyingi. Tunasema kwa uaminifu kwamba kwa watu wengi hilo ndilo jibu sahihi, na kama unaanza leo usiandike yako. Sisi tulibaki na yetu kwa sababu aina za mafaili tunazopokea ni chache, hazifiki arobaini, na kwa sababu tulitaka jibu la tatu ambalo tutalieleza chini. Na, tusifiche, tulitaka kujua inavyofanya kazi.

Kusuka upya msimbo si kuuongezea uwezo. Ni kubadilisha umbo la ndani huku tabia ya nje ikibaki ile ile, kama mtu anavyofumua nywele na kuzisuka kwa mtindo mwingine: kichwa ni kile kile. Ndiyo maana kazi ya kwanza haikuwa kurekebisha. Ilikuwa kukusanya sanduku la vielelezo, mafaili halisi kutoka kwa wanachama, na kwa kila kimoja kuandika jaribio linalotunza jibu ambalo maktaba ya zamani inatoa leo, liwe sahihi au la. Mwenzetu anayesoma isimu alikasirika alipoona tumeandika kwa mikono yetu jaribio linalodai kwamba rekodi ya AMR lazima itambuliwe kuwa skripti. Alituuliza kama tumeamua kuandika uongo kwa makusudi. Tulimweleza kwamba ni kama mwanaisimu anayerekodi watu wanavyosema kabla ya kuwaambia wanavyopaswa kusema. Hakuridhika sana, ila alitoa sharti zuri: majaribio ya namna hiyo yakae pembeni, chini ya kichwa "makosa yanayojulikana", ili asije mtu baadaye akadhani tuliyaamini. Yalikuwa kumi na manne.

Baada ya hapo ule mlolongo ulifumuliwa. Kila tawi lilikuwa linasema mambo yale yale kwa maneno tofauti: nenda baiti ya ngapi, tafuta nini, ukikuta jibu nini. Tukayatoa mambo hayo kwenye msimbo na kuyaweka katika jedwali, mstari mmoja kwa kila kanuni. Msimbo uliobaki ulikuwa mfupi kiasi kwamba unaonekana wote kwenye skrini moja: soma kichwa cha faili, pita kwenye jedwali, rudisha jibu. Swali la nani aulizwe kwanza likaacha kuwa bahati ya aliyeongeza tawi mwisho. Kanuni ndefu huulizwa kabla ya fupi. #!AMR ni ndefu kuliko #!, basi inatangulia, na kanuni ya skripti inabaki palepale ikiwakamata walio skripti kweli. Hatukuifuta, na tungependa wasomaji waelewe kwa nini. Mtu anaweza kuleta ukurasa wa wavuti wenye amri za siri akauita picha.jpg, na kivinjari cha mgeni kikadanganyika. Mlango wa ghala unahitaji bawabu. Bawabu wetu alikuwa anasikiliza silabi mbili za kwanza tu.

Kuna mafaili ambayo kichwa hakitoshi. Baiti CA FE BA BE hufungua mafaili ya Java, na ndizo hizo hizo zinazofungua programu za Mac zilizojengwa kwa ajili ya prosesa za aina zaidi ya moja; hapo ndipo tulipoanza kumwita kila mtata "kiboko". Waraka wa Word wa siku hizi, ule wa .docx, kwa ndani ni ZIP tupu na huanza na PK; bila kuchungulia majina ya mafaili yaliyo ndani huwezi kuujua. Sauti ya WAV na picha ya WebP zote huanza na RIFF, na tofauti yake imeandikwa baada ya kuruka baiti 8 za mwanzo. Faili la TAR huficha jina lake mbali zaidi, baada ya kuruka baiti 257. Ndiyo sababu maktaba ya zamani ilisoma baiti 512 za mwanzo, na sisi tuliiacha namba hiyo. Tulichoongeza ni safu moja katika jedwali: mzazi. Docx ni mtoto wa ZIP. Faili likisema kwa baiti kwamba ni ZIP, na kwa jina kwamba ni docx, maneno hayo mawili hayagombani. Mtoto anakubaliwa kwa kuwa mzazi ameonekana. Lakini likisema kwa baiti kwamba ni PNG na kwa jina kwamba ni docx, baiti ndizo zinazosikilizwa.

Na lile jibu la tatu. Maktaba ya zamani ilijua kukubali na kukataa, basi. Tuliipa neno "bado". Faili lisiloeleweka haliingii na halifutwi. Linawekwa kando, aliyelileta anaambiwa kwamba limepokelewa na litatazamwa na mtu, na mmoja wetu analitazama Jumapili. Hadithi za ng'ombe zilipita kwanza kwa njia hiyo, kisha tukaandika kanuni ya kuzigeuza kuwa UTF-8. Majaribio kumi na manne ya makosa yakabadilishwa moja baada ya jingine, kila moja kwa siku yake, ili kila badiliko la tabia lionekane peke yake na lisijifiche ndani ya mabadiliko ya umbo.

Wakati wa kutengeneza jedwali tulikwama kwenye jambo ambalo hatukulitarajia kwenye somo la kompyuta: hii mistari ni ya nani? Maelezo yaliyoachwa ndani ya msimbo yalionyesha kwamba sehemu yake ilinakiliwa kutoka kwenye orodha za watu wengine. Kuna kisa kinachojulikana katika dunia ya Ruby. Maktaba iitwayo mimemagic ilikuwa ikitolewa kwa leseni huria ya MIT, lakini ndani yake ilibeba faili la data kutoka mradi wa shared-mime-info, ambao leseni yake ni GPL na ina masharti mengine kabisa. Machi 2021 mtunzaji wa mradi huo alilisema jambo hilo, matoleo ya zamani ya mimemagic yakaondolewa, na kwa kuwa Rails iliitegemea kwa kupitia Marcel, watu wengi waliamka wakakuta programu zao hazijengeki. Ndani ya siku chache Rails ilitoa matoleo mapya yasiyoitegemea mimemagic, na Marcel ikahamia kwenye data ya Apache Tika, yenye leseni ya Apache. Yote hayo kwa sababu ya jedwali la baiti, si kwa sababu ya msimbo.

Wengi wetu tulikuwa sekondari wakati huo na hatukujua lolote. Lakini kisa hiki kilitufanya tuitupe mistari iliyonakiliwa na kuandika upya kila kanuni kutoka kwenye maelezo rasmi ya kila mtindo, kazi ya wiki tatu isiyo na raha yoyote. Pia kilitufanya tuulize kuhusu rekodi zenyewe. Tulikuwa na fomu ya kuleta sauti isiyo na mahali pa kuandika kama mzee mwenyewe alikubali. Sasa pana mahali hapo. Baadhi ya rekodi tumezifunga mpaka familia zijibu, na tunajua kuna wanachama waliochukizwa na hilo.

Limebaki la mwenzetu wa Uvira, naye ametuomba tulieleze lote.

Msimbo wa zamani ulikuwa na milango miwili. Wa mbele ni ule wa kila mtu. Wa nyuma ulikuwa wa mtunza ghala, ambaye aliweza kupitisha kwa mkono kile ambacho maktaba imekikataa. Hata huko nyuma maktaba iliulizwa kwanza, kwa ajili ya kumbukumbu. Ilisoma baiti 512 za mwanzo, ikajibu, kisha ikamkabidhi faili mhifadhi bila kulirudisha mwanzo. Ukimwazima mtu kitabu ukakiacha wazi ukurasa wa tatu, naye akaanza kunakili hapo hapo, nakala yake itakosa kurasa mbili. Ndivyo ilivyokuwa. Kila kilichopita mlango wa nyuma kilihifadhiwa bila kichwa. Tuligundua hili tulipoandika upya msomaji wa faili, kwa sababu jaribio lilipima ukubwa wa kilichoingia na kilichotoka, na tofauti ikawa 512 kila mara.

Mafaili yaliyopita mlango huo yalikuwa tisa. Wenyewe wa manane walikuwa bado na nakala zao wakatutumia tena. La tisa lilikuwa la bibi yake mwenzetu, lililorekodiwa Nyarugusu kwa kitochi. Bibi alifariki mwaka 2019. Simu iliuzwa Kasulu kabla ya hapo. Faili la ghalani halikufunguka kwa programu yoyote, na familia ilikuwa imeshakubali kwamba limeharibika.

AMR, kwa bahati, ni mtindo wa kinyenyekevu. Baada ya zile baiti 6 za mwanzo, sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kwa ubora wa juu wa mtindo huu kila kipande ni baiti 32, na baiti ya kwanza ya kila kipande ni 3C, ambayo kwenye skrini huonekana kama alama ya <. Tuliyapanga maandishi ya faili lile safu 32 kwa kila mstari, na alama ya < ikasimama wima kama nguzo toka juu mpaka chini, kwenye safu ya 7. Tukakaa kimya kidogo. Maana yake ni kwamba zile safu 6 za mstari wa kwanza ni mkia wa kipande kilichokatwa, na kuanzia hapo vipande vyote ni vizima. Hesabu ilikubali: baiti 512 ukitoa 6 za kichwa ni 506, yaani vipande 15 kamili na baiti 26 za kipande cha 16, zilizobaki za kipande hicho ni 6. Tulitoa baiti 6 za mkia, tukaweka mahali pake baiti 6 za kichwa, #!AMR na mstari mpya. Vipande 16 vilivyopotea ni milisekunde 320, karibu theluthi moja ya sekunde.

Faili lilifunguka. Ni dakika 11. Bibi anaeleza walivyoondoka Uvira mwaka 1996 na kuvuka Ziwa Tanganyika, anawataja waliokuwa ndani ya boti mmoja mmoja, pamoja na wawili ambao mama yake mwenzetu alikuwa hajui kwamba walikuwamo. Kwa sauti hiyo familia imeanza kuwatafuta jamaa wa hao wawili.

Sauti inaanza katikati ya neno. Kinachosikika kwanza ni "-jukuu wangu", kisha anaendelea moja kwa moja na safari. Kilichokatika ni kiambishi tu. Kama mjuavyo, "wangu" haitusaidii: mjukuu wangu, wajukuu wangu, vyote sawa. Mwalimu mmoja aliyesikiliza alisema tungoje kitenzi cha kumwamuru msikilizaji, sikiliza au sikilizeni, lakini bibi haamrishi popote katika dakika zote 11. Mama yake mwenzetu anashikilia kwamba ni m-, kwa kuwa aliyeshika simu alikuwa mjukuu mmoja. Binamu walioko Kigoma wanasema ni wa-, kwa kuwa walikuwa wamekaa wote kwenye mkeka. Katika ghala tumeandika audio/AMR, tarehe, mahali na ridhaa ya familia. Sehemu ya "anazungumza na" tumeiacha wazi.